Nilimwonyesha baba mdogo njia ya kuwakwepa trafiki

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa vibaya! Sijamwambia mtu yeyote nyumbani, ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua.

Mimi ni kijana wa Rugu, niliishia darasa la saba, naendesha bodaboda. Kuongea mbele za watu siwezi.

Tulikwenda Kyerwa kupeleka mahari ya kaka yangu. Wakwe walitukaribisha kwa rubisi, na pombe ya ukweni hairudishwi. Baba mdogo, mwenye gari aina ya pikapu, hakurudisha hata kibuyu kimoja. Saa tisa mchana tukaanza safari ya kurudi, yeye kwenye usukani, mama yangu, kaka na wengine wamekaa nyuma. Nilimwona anayumba. Niliona aibu kumwambia mtu mzima.

Mimi nikatangulia na pikipiki. Mbele nikawakuta trafiki.

"Puliza hapa," akasema mmoja, akanisogezea kipimo. Mimi sinywi, nikapuliza. "Haya, msafi. Nenda."

Nikageuza.

"Unarudi wapi tena?"

"Nimesahau kofia, afande."

Uongo! Nilirudi kumwahi baba mdogo. "Baba, trafiki wapo mbele, wanapulizisha watu. Pita huku chini migombani, utatokea ng'ambo yao."

Akacheka. "Kumbe bubu wetu anaongea! Tena leo umeongea la maana!"

Mama akasema kutoka nyuma, "Shemeji, si umpe mwenzako usukani?"

"Shemeji, wewe shikilia vikapu vyako. Gari niachie mimi."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka. Mungu anisamehe!

Njia ile ina mteremko mkali na mvua ilikuwa imeichimba. Nilikuwa nyuma yao. Niliona gari linakwenda mbio, halikati kona, linapinduka. Nilimtoa mama chini ya ubao wa gari kwa mikono yangu. Aliniuliza kama kaka yuko salama. Nikamwambia yuko salama. Hakusema tena.

Kaka alipona. Harusi hakuna anayeitaja. Baba mdogo alivunjika nyonga, na kesi inamsubiri. Polisi walipomuuliza kwa nini aliacha barabara kubwa, alisema aliamua mwenyewe. Hakunitaja! Nikienda kumwona hospitali, anageukia ukutani.

Baba kila tukikaa kula anauliza, "Nani alimwelekeza njia ile?" Mimi natazama sahani.

Vijana wenzangu wa boda, nawaomba. Tumezoea kuonyana kwa taa na mikono kwamba trafiki wapo, tukidhani tunasaidiana. Mlevi akiwa nyuma yako, usigeuze. Mwache apulize! Baba mdogo angelala mahabusu usiku mmoja, tungemtania mwezi mzima, naye angetununia. Mama angempelekea uji asubuhi.