Msomaji wa Mama Jerry

Khisa alikuwa juu ya ngazi, akikata ua wa miti ya kayaba pale mtaa wa Free Area, siku alipomwona Mama Jerry kwa mara ya kwanza. Mama huyo mzee alikuwa ameketi barazani, kitabu kimekaribia kugusa pua. Macho yake yalikuwa yanafifia.

"Wewe wa ngazi! Unajua kusoma?"

Khisa alikuwa na miaka arobaini na minane, na bado akisemeshwa ghafla ulimi ulimganda. "Niliishia darasa la nane, mama."

"Inatosha. Shuka."

Akashuka, akapewa kitabu, akafuata mistari kwa kidole kilichochanwa na miiba ya ua, neno moja moja. Mama Jerry akacheka. "Unasoma kama mtu anayetafuta sindano! Haya, endelea."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi saa tisa.

Kitabu kilikuwa hadithi ya zamani, wakati reli ilikuwa mpya. Kando ya stesheni moja bondeni waliishi watu waliokataliwa kwao: mpishi aliyefukuzwa kazi, mwanamke asiyetakiwa na wakwe, na karani mwenye kigugumizi aliyezungumza na mbuzi tu. Walingoja mvua. Kwa kurasa sitini hawakufanya lingine.

"Mama, hapa hakuna kinachotokea."

"Vumbi limetulia. Karani amesema neno moja. Unataka nini tena, Khisa, risasi?"

Kidogo kidogo kikamwingia. Akisonga ugali peke yake chumbani kwake mtaa wa Kaptembwo, alimfikiria yule karani kama jirani wa chumba cha pili: amekula? Hakumwambia mtu.

Kisha Jerry akapiga simu kutoka Naivasha. Angekuja Jumapili kumchukua mama yake, akaishi naye huko. Mama Jerry alimpa Khisa habari hiyo kwa sauti ileile ya kuagiza chai. Kurasa zilizobaki zilikuwa thelathini na moja.

Jumamosi hiyo Khisa hakusikia huzuni. Hakusikia chochote. Alijua tu kwamba lazima amalize. Akasoma mbio, kidole kikiachwa nyuma.

"Simama! Mbona unawachapa hao watu?"

"Jerry anakuja kesho, mama."

"Najua anakuja. Wao hawajui. Rudi pale mwanamke alipowasha moto."

Akarudi. Akasoma polepole hadi saa kumi na moja, mpaka Mama Jerry akasema amechoka. Zikabaki kurasa kumi na tisa.

Asubuhi pikapu ilikuwa imeshapakiwa godoro na sufuria. Khisa akapenyeza kitabu dirishani na kukiweka mapajani mwa yule mama. Pengine Jerry angemsomea. Mama Jerry akapapasa jalada, akamrudishia. Hawakuonana tena baada ya siku hiyo. Jerry alikuwa ameshawasha gari mama yake aliposema:

"Maliza wewe, Khisa. Na usinipigie simu kunieleza mwisho wao. Mimi nimewaacha wote wazima."