Sabuni Isiyopungua

Mche wa sabuni wa chumba cha majeruhi uliingia wiki ya tatu na maandishi yake bado yanasomeka. Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda, na mtunza stoo pia, na kuhesabu ni mara mbili au si kuhesabu. Majeruhi kumi na mmoja siku hiyo. Mikono ilioshwa mara nne. Nikarudia kuhesabu. Nne.

Hospitali yetu ndogo ilikuwa kusini ya Garissa, kando ya Tana, mto tuliouona na hatukuufikia. Tangu vita vya waasi wa shifta vipambe moto, wanajeshi waliifunga njia ya mtoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye punda alituletea madebe mawili alfajiri, basi. Moja la wagonjwa kunywa, moja la vyombo na mikono. Adhuhuri ilitukuta na tope la chini ya debe.

Kwa sala tuliweka karai la mchanga mlangoni, maana asiye na maji hutayamamu. Kosa letu lilianzia hapo. Dresa mwenzangu, aliyenizidi umri nami nikimwita adeer, yaani ami, alipiga viganja mchangani, akajipangusa, akasali, kisha akaenda moja kwa moja kufungua bandeji.

"Adeer," nikamwambia, "tayamamu hiyo ni ya sala."

"Mungu ameikubali mikono hii. Wewe unaikataa kama nani?"

"Kama mtu wa stoo."

Akacheka, nami nikacheka. Alasiri hiyo hiyo nikaitwa kumfunga jeraha mfugaji wa upande wa Sangailu, risasi imempita pajani bila kugusa mfupa. Mkewe alimleta kwa ngamia, jeraha amelifunga kwa kitambaa alichokichemsha mwenyewe. Debe lilikuwa tupu. Nikagusa mchanga, nikajiona msafi, nikalifungua jeraha.

Siku ya nne paja lilivimba na kunuka.

Nikamwendea mwenye punda, nataka madebe sita. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, punda ninao wawili. Kichwa ninacho kimoja."

Nikaenda kwenye kizuizi cha njia ya mtoni, kwa koplo aliyekisimamia, nikaomba njia ifunguliwe kwa saa tatu zaidi. Akatikisa kichwa. Nikashuka hadi saa moja, hadi nusu saa.

"Endelea kushuka," akasema, "unashuka vizuri."

Nilifika robo saa. Yeye hakupanda hata dakika. Sokoni ningejua la kufanya: ningeondoka polepole ili aniite. Niliondoka polepole. Hakuniita.

Mke wa mfugaji alikuwa ameketi chini karibu na kitanda, akimfukuzia mumewe nzi.

"Alikuja na risasi tu," akaniambia. "Haya mengine ameyapata hapa."

"Tunatafuta maji, abaayo, dada yangu."

"Mguu utabaki?"

Nikamwambia daktari yuko njiani na msafara wa malori. Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua.

Daktari alifika siku ya sita. Alinusa kabla ya kutazama, akasema mguu unakatwa leo, juu ya goti, na anataka maji mengi. Kwa agizo la daktari, koplo yule yule akaondoa kizuizi, askari wawili wakawasindikiza punda. Yaliletwa madebe manane. Niliyahesabu mara mbili.

Tukanawa mpaka viwiko, mimi na adeer, kwa sabuni na brashi, kucha moja moja. Mwanamke alikuwa mlangoni akiyatazama maji yanavyomwagika sakafuni.

"Haya yalikuwa wapi?" akauliza.

Adeer alinitazama, maana mimi ndiye mwenye maneno. Niliendelea kusugua. Ndani, mumewe alikuwa ameshaanza kumwita.