Shamba Nililolifagia

Nilipoambiwa anakuja mtu kupima shamba langu hapa Butiama, nilichofikiria kwanza ni kamba. Kwa dada yangu kule Bunda walikuja watu wenye kamba, wakacheka vizuri, wakanywa uji wake. Baada ya mavuno, kipande cha shamba lake kikawa na vijiti vya mpaka vya mtu mwingine. Mimi hili nimelilima tangu nilipoolewa. Mume wangu amelala kwenye kona yake. Sitoi hata hatua moja.

Nikamwambia mkwe wangu, mke wa mwanangu, tulisafishe, wasije wakasema limetelekezwa. Tukang'oa mabua yote ya mtama, tukayachoma. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia shamba zima kama uwanja wa harusi. Mgongo uliniuma siku tatu, lakini liling'aa.

Aliyekuja ni bwana shamba, na fomu ya kupima udongo. Kijana mpole. Wapole ndio nawaogopaga.

"Bibi, nani kalifagia hivi?"

"Mimi. Andika."

"Hapa kwenye kufunika udongo, bibi, umepata sifuri."

"Sifuri yako mpelekee mama yako."

Mkwe wangu akajifanya anakohoa.

Akaomba glasi mbili za maji. Moja akatia bonge kavu la udongo wa shambani. Nyingine, bonge la chini ya uzio wa minyaa, ambako majani yanaangukaga na hakuna anayefagia. La shambani likayeyuka, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. La uzio likakaa.

"Mvua ikija, bibi, shamba lako linaondoka hivyo."

Ametia dawa, nikasema moyoni. Nikamwaga vyote, nikaosha glasi mwenyewe, nikachota maji ya mtungi wangu na mabonge kwa mkono wangu. Ikawa vile vile. Nikatazama lile korongo chini ya shamba, ambalo kila masika maji yake ni mekundu.

Dada yangu aliibiwa na wenye kamba. Mimi mwizi wangu nilimshika mkononi, nikafagia naye.

Siku hizi mabua nayalaza kukata mteremko, na ng'ombe wa jirani wakiyafuata nawarushia mawe. Kila baada ya mavuno natia bonge kwenye glasi. Mwaka huu limechelewa kuyeyuka. Bwana shamba namwonyesha. Ila akianza kuhesabu hatua, namfuata nyuma, nahesabu na mimi.