Ufuo Usio na Gati

Nikichanganya petroli na oili ya boti zangu, harufu inanirudisha ufuo wa Mbita. Hakukuwa na gati. Wabebaji wa kampuni mbili za boti zilizoshindana walipeleka abiria wa visiwani mgongoni hadi kwenye boti, na ujanja wao ulikuwa kunyakua mtoto kwanza, mama afuate.

Siku moja, nikiwa mdogo, mmoja akanibeba mbio. Boti yake ilikuwa imeshawasha injini.

"Rudisha mtoto wangu," mama alisema, maji kiunoni.

"Mathe, boti ya kisiwa cha Takawiri ni hii. Ile ingine inavuja."

Mama akashika kafi ya mtu, akampiga nayo mdomoni. Meno mawili yalianguka ziwani. Damu ya moto ilinimwagikia mkononi. Mbebaji hakuniangusha.

Alinitua kwenye boti, akatema damu, akamwinamishia mama mgongo. "Haya, panda."

Mama akapanda, kafi mkononi.