Gurudumu la Nyuma

Mpaka leo siku ile naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka viganja hunitoka jasho kama vile bado nimeshika freni. Umeniuliza ununue magurudumu gani kwa hela kidogo uliyo nayo, ili ushuke milima yetu hii kwa kasi bila kuvunjika shingo. Kaa kwanza. Nikuambie nilivyonunua yangu.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tukiitana citoyen, yaani mwananchi, hata sokoni. Nilikuwa kijana, nikibeba unga wa muhogo kwa baiskeli kutoka kijijini Kavumu kuja mjini Kadutu, na nilikuwa mwoga. Sioni haya kulisema. Janti zangu, ule mduara unaobeba tairi, zilikuwa za chuma, na chuma kikilowa freni haishiki. Unabana, unabana, baiskeli inaendelea na safari yake. Nilishamwona mwenzangu mmoja akipitiliza kona namna hiyo, na yowe lake lilinijia masikioni kila nilipoanza kuteremka.

Basi siku nilipokuta sokoni jozi ya magurudumu ya alumini, yametolewa kwenye baiskeli ya mashindano, nilijiona nimepona. Muuzaji akanihakikishia, “Citoyen, hii inashika freni hata mu mvula kali.” Wala hakunidanganya. Akanikubalia nikayaonyeshe kwanza kwa fundi.

Fundi wetu alikuwa Muzee Bisimwa, mwenye kibanda katikati ya mteremko. Alikuwa na desturi yake moja iliyotuchosha sisi vijana: hakukubali uondoke na gurudumu kabla hujamtajia mzigo. Tena si mzigo wa kila siku. Alitaka ule mzito kuliko yote utakaowahi kuupakia. Aliyazungusha yale magurudumu, akabana njiti zake, yaani spoki, mbili mbili kwa vidole, kichwa amekiinamisha.

“Ya mbele chukua,” akasema. “Mbele njo kunasimamisha kinga, hii baiskeli yako. Ya nyuma rudisha. Iko na njiti kidogo, ni ya mutu mwembamba anakimbia peke yake. Nyuma njo kunakaa muzigo. Acha ile janti yako ya chuma, nikuwekee njiti mupya, na makuta ingine itabakia mu mufuko yako.”

Kisha akaniangalia. “Unabebaka nini? Gunia ao mutu?”

“Gunia tu, muzee.”

Hapo nilisema uongo. Mama yangu alikuwa na goti bovu, na mara nyingi mimi ndiye niliyembeba. Lakini nilijua nikimtaja mama, Muzee Bisimwa hataniachia kabisa lile la nyuma, nami nililitaka. Niliwaza kwamba kama gurudumu moja linashika vizuri, mawili yatanishikia maradufu. Halafu, nisikufiche, yalikuwa yanang'aa. Nikapuuza neno lake, nikarudi sokoni nikachukua yote mawili.

Kwa siku kadhaa nilipeta. Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua, goti la mama limevimba, ikabidi nimshushe hospitali. Akakaa kiubavu nyuma yangu, mkono wake mmoja umenizunguka kiunoni. Freni zilishika vizuri kabisa. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Tii.

“Ni nini ile?” mama akauliza.

“Ni jiwe, maman.”

Nilijua si jiwe. Ilikuwa njiti imekatika. Ningesimama pale pale, mwanangu, kisa kingekwisha na tungetembea tukilowa. Lakini niliogopa kumwambia. Nikasikia ya pili, na ya tatu, na gurudumu likaanza kuyumba na kusugua fremu, huku upande wa kushoto barabara imeliwa na mmomonyoko, na chini kabisa yanaonekana mabati ya nyumba za watu. Nikabana freni kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likajikunja.

Nilipofumbua macho nilikuwa kifudifudi kwenye matope, na mkononi nimeshika kitenge cha mama. Yeye alikuwa ukingoni, miguu yake inaning'inia. Fundo la kitenge lilikuwa kiunoni mwake, na mimi nililitazama lile fundo, nikasahau hata kusali.

“Usiniachilie, mutoto yangu,” alisema, polepole, kana kwamba ananibembeleza.

Aliyekuja mbio kutoka kwenye kibanda chake ni Muzee Bisimwa. Alimshika mama kwapani, tukamvuta wote wawili hadi katikati ya barabara. Mkono wa mama ulikuwa umevunjika. Muzee akalitazama lile gurudumu, akamtazama mama anayegumia, kisha akanigeukia mimi.

“Gunia yako iko na jina gani?”

Ni mama aliyejibu, maana alidhani anaulizwa yeye. “Nabintu,” akasema, akamshukuru kwa kumsaidia.

Mkono ulipona, umepinda kidogo. Baiskeli yangu hakuipanda tena. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akitembea tu kando yangu na lile goti lake, nami naisukuma.

Sasa sikiliza jibu lako. Hela yako ikiwa kidogo, usinunue jozi. La mbele liwe jepesi na lishike freni. La nyuma liwe la chuma, zito, baya hata la kuchekwa, lakini lijae njiti. Fundi akikuuliza mzigo, mtajie mzito kuliko yote, na kama ni mtu, mtaje kwa jina. Na ukisikia tii, simama, hata kama utaona aibu. Mimi niliogopa mvua peke yake, nikasahau kumwogopea mama.

Nenda, mwanangu. Mungu akushushe milima yote hii ukiwa umekaa juu ya kiti chako, na yule unayembeba nyuma afike akiwa bado anakusimulia habari.