Marehemu Alipiga Simu Saa Saba Mchana

Mume wangu Nyangau hutengeneza tovuti, na hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Lakini ukimwuliza anapenda nini, hatasema tovuti, wala hatasema mke wake. Atasema herufi. Si maneno, si habari, ni herufi zenyewe: tumbo la B, shingo ya f, mkia wa g. Nimeishi naye miaka kumi na mmoja na bado sijui kama ni kipaji au ni ugonjwa.

Ofisi yake ni chumba kimoja hapa Migori mjini, juu ya duka la jumla la Abdisalam. Mimi Bonareri nimeweka cherehani yangu pale pale mlangoni, nashona sare za shule, kwa hiyo kila mteja wake lazima anipite na kila neno nalisikia. Huja wenye shule, huja wenye hoteli, huja wauza pampu wanaopeleka mali Masara kwa wachimba dhahabu. Wote wanataka kitu kimoja: picha yao kubwa juu kabisa, jina linazunguka, na nyota nyota kando. Nyangau huwasikiliza kwa adabu, kisha anawauliza, "Na herufi mngependa za aina gani?" Hapo hunigeukia mimi, wakitaka niwaokoe.

"Za kusomeka," mmoja alimjibu. Nyangau alinuna siku mbili.

Sabato kanisani, mchungaji akituonyesha njia ya mbinguni, yeye ananinong'oneza kwamba K ya "Karibuni" kwenye kile kitambaa cha madhabahuni imekaa mbali mno na A. Namfinya. Tukienda hotelini huutazama ubao wa vyakula mpaka chai inapoa, na ukimwuliza leo wamepika nini, hajui.

Ugonjwa ulizidi alipokutana na ukuta wa posho mill moja, kinu cha kusaga unga, kule Ndhiwa. Ulikuwa umeandikwa kwa brashi, rangi ya buluu, na R yake ilirusha mguu mbele kama mtu anayefukuza kuku. Alisimama juani hadi mwenye kinu akamwuliza kama ametoka kwa watu wa ushuru. Baadaye akaiona R hiyo hiyo kwa kinyozi wa Macalder, akaiona kwenye duka la dawa za mifugo, akaiona kwenye baa ambayo sisi Wasabato hatukupaswa hata kuegesha pikipiki mbele yake. Miaka miwili alizunguka akipiga picha. Alizichora upya kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, mpaka akapata fonti nzima, yaani alfabeti kamili ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga kwa vidole.

Mwenye mkono ule hakumjua, mpaka siku alipoingia karakana ya seremala mmoja wa majeneza pale Ndhiwa. Ukutani ulikuwa umeegemezwa msalaba mweupe wa kaburi, na juu yake, kwa herufi zile zile, jina: PHELESIA ADONGO. Akamwuliza seremala ni mkono wa nani, seremala akanyooshea kidole jina lile lile. Akapiga picha, akarudi nyumbani macho mekundu.

"Mama Sheila," aliniambia, "ni mwanamke. Na amekufa. Nimechelewa."

Jioni ile hakugusa chakula. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kidogo pia, maana shangazi yangu alipofariki yeye alikula sahani mbili.

Fonti aliiita Adongo, akaiweka kwenye tovuti yake watu waichukue bure, na juu kabisa akaandika: "Kwa kumbukumbu ya marehemu Phelesia Adongo wa Ndhiwa, aliyetuandikia kuta zetu." Watu waliipenda. Wiki nzima ilizunguka kwenye simu, Migori hadi Homa Bay, wengine wakiongeza mishumaa na mikono ya kusali.

Jumatatu akapiga simu Mwanamvita. Huyu ni mama wa Lamu mwenye duka la vitambaa Homa Bay. Nyangau alimtengenezea tovuti, na sasa alikuwa anafungua hoteli.

"Mwanangu Nyangau," alisema, "ukuta wangu nilikuwa nishampa Mama Phelesia aniandikie. Nasikia Mungu kamchukua. Basi nichapishie bango, kwa herufi zake hizo hizo, iwe kumbukumbu. Nafungua Ijumaa baada ya swala."

Nyangau aliifanya kazi ile kwa heshima zote. Jumatano asubuhi bango lilikuwa limechapishwa kule kule Homa Bay na kutundikwa. Jumatano hiyo hiyo, saa saba mchana, simu ikalia.

"Ni Nyangau mwenye herufi?"

"Ndiye, mama. Nikusaidie na nini?"

"Mimi ni yule marehemu."

Mume wangu aliiweka simu mezani taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Nikaichukua mimi, nikaiweka kwenye spika.

"Mama, samahani, nani anaongea?"

"Phelesia Adongo. Sijakufa. Lakini dada yangu ametoka Mbita akilia njia yote, na mwenye tenti amekuja kuuliza tunataka viti ngapi. Na ukuta yangu ya Homa Bay imepewa bango. Sasa muulize huyo bwanako: mimi nilikufa siku gani?"

"Lakini niliona msalaba!" Nyangau alilia kutoka kabatini. "Kwa macho yangu!" Akakimbilia kompyuta, akaifungua ile picha, akaikuza ikajaa kioo.

Nikainama, nikasoma. PHELESIA ADONGO. KUZALIWA: 1956. KUFARIKI: na baada ya hapo, mbao nyeupe tupu.

"Baba Sheila, alifariki mwaka gani?"

"Si imeandikwa hapo chini."

"Wapi?"

Akainama na yeye. Picha ile alikaa nayo miezi mitano. Alipima unene wa kila mstari, alijua nafasi kati ya D na O kuliko anavyojua namba ya kitambulisho chake. Hakuwa ameisoma.

"Hiyo ni msalaba yangu," sauti ya Phelesia ilitoka kwenye simu, maana alikuwa amesikia yote. "Nimejiandikia mimi mwenyewe mapema. Unadhani nitaachia mtu mwingine anifinyie jina kwa kaburi? Kuja hapa kesho, wuoda. Kuja na hiyo mashine."

Wuoda ni mwanangu kwa Kijaluo. Alivyolitamka, halikuwa na upole wowote.

Alhamisi asubuhi tukapanda pikipiki, mimi nyuma nimekumbatia kuku. Huwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu uliyemzika. Tulimkuta nyuma ya ile posho mill, mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, rangi imemkaa kwenye kucha. Alimpokea kuku kwanza, akampima uzito, akamfunga miguu. Ndipo akaanza kumtukana mume wangu kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili na sisi Wakisii tufaidi.

"Nionyeshe," alisema alipochoka.

Nyangau akafungua kompyuta juu ya gunia la mahindi. Phelesia alizitazama herufi zake kwa muda mrefu, pua karibu kugusa kioo. Niliona mdomo ukimcheza. Nikadhani analia.

"Hii M si yangu."

"Ni yako, mama. Niliitoa kwa kinyozi, Macalder."

"Hiyo siku ngazi ilikuwa inateleza. Na hii G, nilikuwa na malaria. Wewe umeokota makosa yangu yote, umeosha, umepelekea dunia!" Akageukia kwangu. "Huyu ni mtu wa namna gani?"

"Ni huyo huyo unayemwona, mama," nikasema.

Akacheka, lakini kidogo tu. Alichukua brashi zake na mkebe wa rangi. "Twende Homa Bay. Wewe ulisema nimekufa, wewe utasema sijakufa. Nataka ukuta yangu."

Tulifika adhuhuri. Mwanamvita alikuwa mlangoni mwa hoteli yake akihesabu sufuria, na alipomwona Phelesia akashika kifua.

"Subhanallah! Mimi nishakusomea dua!"

"Asante. Iweke, itanisaidia baadaye."

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi. Nikajua yameisha. Hayakuisha. Phelesia alipoonyesha ukuta, Mwanamvita akatazama bango, akatazama saa.

"Dada yangu, kesho nafungua. Bango lishatundikwa, na herufi si ni zako zile zile? Sasa brashi ya nini tena?"

Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la haki. Mkebe ulimning'inia Phelesia mkononi, akaonekana mzee. Nikamtazama mume wangu, maana swali lile aliyelileta duniani ni yeye. Nilitamani kumpiga, na nilimwonea huruma.

Nyangau alikohoa. "Si zile zile, Bi Mwanamvita."

"Si zile zile vipi? Wewe ndiwe uliyeniambia."

"Nilikosea. Nilizichukua kwenye kuta tisa za watu wengine. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili yako. Tazama neno Pilau limeishia ubavuni mwa dirisha, mtu akifungua dirisha ile 'lau' ya mwisho inapotea. Mimi sikuwahi kuja kuuona ukuta huu. Nilikaa Migori nikapiga vidole. Mama Phelesia angesimama hapa kwanza." Akaligusa bango kwa kidole. "Kazi yangu ni nzuri, siwezi kudanganya. Lakini hiyo ni picha yake tu, na mwenyewe yuko hapa na brashi."

Kabla Mwanamvita hajajibu, Nyangau alikuwa amepanda kiti na anakata kamba za bango lake mwenyewe. Nilimpenda hapo kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi alikuwa amevaa suti.

"Haya," Mwanamvita alisema, akishusha pumzi. "Mpaka alasiri. Alasiri ikipita narudisha bango, lau au si lau."

Phelesia alifungua dirisha, akalifunga. Alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akarudi. Nyangau akatoa simu ili apime ukuta kwa kamera. Phelesia akamsukuma mkono na kumpa ncha ya uzi uliopakwa chaki. Akauvuta mpaka mwisho wa pili wa ukuta, akauachia ghafla, ukapiga ukuta na kuacha mstari mweupe ulionyooka. Mume wangu alishangilia kama mtoto. Kisha yule mama akapanda kitini, akaandika. HOTELI YA MVITA. PILAU. VIAZI KARAI. CHAI. Pilau ilikaa upande wa mlango, ambapo hakuna kitu cha kuimeza. Watu walisimama barabarani kutazama, na mmoja akamwuliza kama anaweza kuja kwake Jumatatu. Muadhini alipoadhini alasiri, Phelesia alikuwa anaosha brashi.

Nyangau alimsogelea. "Mama, lile neno marehemu nimelifuta. Na fonti, niiache?"

Phelesia alikausha brashi kwa leso, polepole.

"Umesikia vile huyu mama alisema. Brashi ya nini tena. Mwingine pia atasema, na hiyo siku wewe hutakuwa karibu. Hizo herufi zifungie. Siku nitakufa kweli, toa, wapee watu bure. Lakini saa hii, mwenye anataka mkono ya Phelesia, aite Phelesia."

Nilingoja Nyangau abishe. Miaka miwili, jamani. Alitoa kompyuta, akaifunga fonti mtu asiweze kuichukua tena, pale pale mbele ya ukuta, rangi ikiwa bado mbichi, akamwonyesha Phelesia kioo ili aone.

Kwa hiyo kazi bora ya maisha ya mume wangu imefungiwa ndani, inangoja kifo cha mtu ambaye yeye mwenyewe hataki afe. Kila asubuhi, kabla hajajibu mteja yeyote, anapiga simu Ndhiwa: mama amemeza dawa ya presha? Leo ngazi anashikiwa na nani? Wiki jana alimsikia akikohoa, akafunga ofisi na kumpelekea asali. Abdisalam alimtania kwamba anachunga mali yake, asikose siku ya kuifungua. Abdisalam hakai mezani kwetu. Mimi ndiye ninayemsikia akiomba kabla ya kula: ananitaja, anamtaja Sheila, kisha anamwombea Phelesia Adongo miaka thelathini mingine. Nilimkumbusha kwamba miaka thelathini ikipita hata yeye atakuwa mzee, na pengine fonti yake hataiona ikitumika. Akaitikia amina, akamega ugali.