Midomo ya Mwenye Kipimo

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita yaya, ndiye aliyekuwa mwenye kipimo pale ufukoni kwetu Gisenyi. Kwa asiyeijua kazi yetu: asubuhi mitumbwi ikirudi, ile inayofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, humwagwa juu ya shitingi, yaani turubai la plastiki, na wanawake hupanga mstari na mabeseni yao. Anayechota ni mwanamke mmoja tu, kwa kopo moja la mafuta ambalo wote wamekwisha kulikagua, na wanawake wenyewe ndio wanaomchagua. Akiwa kazini haongei na mtu. Hesabu anaishika kwa midomo, bila sauti, kwa sababu ikisikika wavuvi wanaanza kubishana, na wanawake nao wanaanza kukumbushana ya jana. Mpaka alaze kopo kifudifudi, hakuna wa kumsemesha. Mama mzee aliyeshika kipimo kabla ya yaya alikuwa hivyo hivyo. Kwetu halikuwa jambo la kutazamwa.

Naeleza hilo mwanzoni kwa sababu ndilo lililotumika. Au labda nasema vibaya: ndilo ninalodhani lilitumika. Shule niliiachia darasa la sita, mambo ya kichwa cha binadamu siyajui, na yaya alikuwa damu yangu, kwa hiyo msomaji anipunguzie kidogo kila ninaposema kwa nguvu.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, wakati mashambulizi yalipokuwa yanatoka milimani na barabara ya Ruhengeri haipitiki ovyo. Ziwa likafungwa. Tuliambiwa ni kwa usalama, taa zisionekane majini, na mimi naona amri ile ilikuwa na maana yake, maana watu walikuwa wanakufa kweli. Sisi wa sambaza tukageuka wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani na Goma: tunavuka na maharagwe kichwani, tunarudi na sabuni na vitenge. Siku moja yaya akaenda soko la Mahoko kutafuta viazi. Akarudi na sambaza kidogo ndani ya jani la mgomba. Hazikuwa kavu. Akaziweka mezani, akanionyesha macho ya samaki wale, bado yanang'aa.

Hatukuzila siku hiyo. Alizitazama tu mpaka zikaharibika, nami nikakasirika, maana tulikuwa tumechoka na maharagwe.

Mkutano wa usalama ulifanyika kwenye majani karibu na shule. Responsable, yaani mkubwa wa serikali katika seli yetu, alikuwa na desturi ya kumaliza kwa kuuliza kama kuna swali. Sote tulijua kwamba hapo ndipo mtu anapoanza kukusanya watoto na kukung'uta nguo. Yaya akasimama.

"Muzee responsable, mi niko na swali moja tu. Ziwa imefungwa, sawa. Hizi sambaza za Mahoko zinatoka wapi? Imefungwa kwa nani?"

Mwanamume mmoja nyuma akasema zimetoka majini kwa miguu, watu wakacheka. Responsable naye alicheka, hilo nampa. Akajibu kwamba samaki wale wanatoka upande wa Goma. Yaya akasema sisi tunavuka barrière kila siku, tunajua kila beseni la kila mama, na hakuna aliyeona sambaza mbichi zikipita. Responsable akasema muda umekwisha.

Mkutano uliofuata aliuliza tena, kwa maneno yale yale. Na uliofuata huo tena. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Mara hiyo hakuna aliyecheka, na tulipokuwa tunaondoka ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba mama kipimo amehahamuka.

Neno hilo la Kinyarwanda watu walikuwa wamelizoea tangu vita. Lilikuwa la wale ambao yale waliyoyaona yaliwarudia ghafla, wakapiga kelele kanisani au wakakimbia barabarani. Nimewaona kwa macho yangu, na sitacheka ugonjwa ule hata siku moja. Ndiyo maana nilipolisikia limewekwa juu ya yaya sikulipinga. Maana yaya naye alikuwa na yake. Mtoto wake alimzika upande wa Goma, na tangu hapo usingizi ulikuwa unamkwepa. Alikuwa anaweza kufua nguo ambazo tayari ni safi. Haya nayaandika ili nisionekane nimeficha kitu. Lakini nguo alizifua miaka mingi na hakuna aliyekuja kumtibu. Walikuja alipouliza habari za samaki.

Aliyekuja ni responsable mwenyewe, mchana kweupe, akaketi kwenye kiti chetu akanywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Mama yetu alipokufa, alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Aliongea nami kwa upole, yaya akiwa nje anaanika nguo. Alisema dada yako ameteseka, mtu mwenye akili iliyotulia akijibiwa mara moja anaridhika, mwenye kurudia rudia ana kidonda ndani. Alisema kwenye kituo cha afya kuna munganga wa vichwa anakuja, kijana aliyesomea Uganda, na kwamba amekwisha kumwombea nafasi. Nilimshukuru. Baadaye nilijiuliza nilikuwa nashukuru nini, lakini wakati ule mtu akikutafutia munganga unashukuru.

Tukaenda wote wawili. Munganga alitukaribisha vizuri, akampa yaya kiti chenye mgongo na mimi benchi. Akamuuliza kama analala, kama anakula, kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Yaya alijibu: anakula, halali vizuri, sauti hasikii. Nilikuwa natazama kalamu ya munganga. Yaya akijibu, kalamu inalala. Yaya akiuliza, kalamu inaamka. Aliuliza nani amesema yeye ni mgonjwa, ikaandika. Aliuliza kama na responsable naye ataletwa kuulizwa kama analala, ikaandika sana. Huenda majibu yalikuwa mafupi tu, hayana cha kuandikwa. Huenda niliona hivyo kwa sababu nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuona hivyo.

Halafu munganga akasema, polepole, "Na hii habari ya samaki wa Mahoko, mama, inakusumbua sana?"

Yaya akageuka kunitazama. Hakuwa ametaja samaki. Mimi pia sikuwa nimefungua mdomo tangu salamu. Nikahisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta kiti kimesogezwa. Lakini na hapa lazima niwe wa haki: mgonjwa wa kichwa hajileti mwenyewe, aliyemleta lazima aeleze kitu. Ni kweli pia kwamba mara moja muuguzi aliniita nje nikamwonyeshe kadi, na sijui katika muda ule mfupi waliongea nini. Yaya alisema hawakuongea lolote. Namwamini. Karibu kabisa namwamini.

Tulitoka na vidonge. Munganga alisema ni mshtuko wa vita, na kwamba mashaka yake juu ya watu ni sehemu ya ugonjwa.

Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari langu jioni hiyo, nikaisoma mara nyingi. Kama mashaka ni ugonjwa, basi nami nilikuwa nimeanza kuumwa.

Vidonge vilifanya kazi. Siwezi kusema vinginevyo. Yaya alilala, alinenepa kidogo, akaacha kufua nguo safi. Kwenye mikutano aliketi. Watu wakaniambia unaona, bon, alikuwa anahitaji msaada tu. Lakini mikono ilianza kumtetemeka, ulimi ukawa mzito, na wale wale waliosema amepona wakaanza kusema mutazame mikono, mutu muzima hatetemeki hivyo. Akavipunguza mwenyewe bila kumwambia mtu isipokuwa mimi. Mikono ikatulia. Usingizi ukaondoka tena.

Ndipo ziwa likafunguliwa. Wanawake wa ufukoni tukakutana kurudisha kipimo kwa mwenyewe, na kwa kawaida jambo hilo huisha kabla jua halijawa kali. Kopo lilikuwa kwangu tangu ziwa lifungwe. Nilikuwa nimelisugua kwa mchanga. Lakini safari hii responsable alikuja. Alisema yeye haingilii kazi za akina mama, donc anatoa ushauri tu: kipimo ni kitu cha watu wote, hakiwezi kuwa mikononi mwa mgonjwa. Yaya akasema yeye si mgonjwa. Responsable akasema, kwa upole ule ule, kwamba wengi wamemuona hapo ufukoni akiongea peke yake, midomo inakwenda na hakuna mtu mbele yake, na hata munganga amelijua hilo.

Kila mwanamke pale alijua ile midomo ni nini. Niliwatazama. Walikuwa wanatazama ndani ya mabeseni yao, ambayo hayakuwa na kitu. Nami nilikuwa nalitazama kopo. Watu wawili walikuwa wamechukuliwa kwa gari mwezi huo mtaa wa juu, kwa mambo mengine kabisa, lakini wakati ule hakuna jambo lililokuwa jingine kabisa.

Aliyesema ni yule mama mzee, mwenye kipimo wa zamani. Alisema, "Hata mi midomo ilikuwa inaenda, mukubwa. Ni hesabu. Asiyehesabu ndiye mugonjwa." Wanawake wakacheka kwa kuachia pumzi.

Responsable alishangaa. Nilimtazama vizuri na naamini hakujua. Alikulia Uganda, mbali na ziwa, sambaza alikuwa anaziona zikiwa zimekwisha kukaangwa. Alifikiri kidogo, akasema basi, kwa hilo amesikia, mama apewe kipimo chake. Isipokuwa jambo moja: mikutanoni asisimame kuongea tena, kwa sababu munganga amesema mikutano inamchemsha kichwa. Mimi nilikuwa ndani ya chumba kile na sikusikia munganga akisema hivyo. Labda alisema wakati ule nilipoitwa nje. Kila kitu nisichokijua kimeingia katika muda ule mfupi.

Niliona wanawake wamefurahi. Lilikuwa jambo zuri, la katikati, na mimi nikamsogezea yaya kopo. Hakulipokea.

"Kama niko muzima ya kupima, niko muzima ya kuuliza," akasema. "Muchague."

Responsable aligeuka kwetu, akafungua mikono, akasema kwa huzuni ambayo nadhani ilikuwa ya kweli, "Mumeona?"

Hapo ndipo penye jambo ambalo hadi leo linanikosesha raha. Akinyamaza, vidonge vimemsaidia. Akiongea, vimemwishia. Nimejaribu kwenye daftari kutafuta neno moja ambalo yaya angelisema siku ile likaonekana ni la mtu mzima, sijalipata. Na nimejaribu pia upande wa pili, kwamba mtu mgonjwa kweli naye angesema maneno yale yale, na sijui ningewatenganisha vipi. Habari za samaki wa Mahoko hatukujibiwa. Labda walitoka Goma.

Kipimo nilipewa mimi. Responsable alisema ili kisitoke katika familia, na wanawake wakakubali haraka kama watu wanaotaka kwenda nyumbani. Nilimuuliza yaya nifanye nini. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Shika, mudogo. Midomo yako tuone wataiita nini."

Asubuhi ya kwanza mitumbwi iliporudi kulikuwa na umande juu ya shitingi na sambaza nyingi, watu walikuwa na njaa nazo. Responsable alikuwepo, amekuja kuangalia kazi imeanza vipi, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuwepo. Nilipiga magoti nikaanza kuchota. Nikahisi midomo yangu imeanza kwenda yenyewe, na nikahisi macho yake. Nikaibana. Nikachota hivyo, meno juu ya meno, beseni la kwanza, la pili, na katikati ya la tatu hesabu ikapotea. Nikabaki na kopo hewani.

"Mama, ni ya ngapi?" mvuvi akauliza. Mwenye beseni akasema yake haijafika hata nusu. Mvuvi akasema imekwisha kupita. Wakaanza kubishana, na mstari mzima ukaanza kukumbushana ya jana.

Yaya alikuwa kwenye mstari na beseni lake kama mwanamke yeyote. Nilimtafuta kwa macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa ananihesabia tangu beseni la kwanza. Aliinua mkono wenye vidole vinne wazi, na mkono ule haukutetemeka.

Nikachota kopo la tano. Responsable alikuwa amesogea karibu, ananitazama mdomoni. Nikaiachia midomo ikaenda.